Nani analipa kusafisha hodhi?

Bamba la jiwe limejengewa juu ya mlango wa hodhi la maji lililo chini ya ardhi, na maandishi yake ni ya Kifarsi. Kifarsi sikijui. Lakini herufi nilizisoma chuoni kwa bakora, basi nilisimama pale kwenye kichochoro cha Yazd, mji wa jangwani huko Iran, jua la saa saba mchana limenikaa utosini, nikawa naokota neno mojamoja: jina la mtu, neno wakfu, mwaka wa Hijria, jina la Imam Hussein. Mengine yakanipita.

Chini ya bamba kuna mlango, na mlango unafungukia ngazi za matofali zinazoteremka moja kwa moja gizani. Ni ngazi za mtu mwenye magoti mazima. Hatua za mwanzo bado unalisikia joto kisogoni. Ukifika katikati, jasho la mgongoni limeshapoa. Chini kabisa nilianza kutamani shuka. Hapo kwenye ukuta mnene imechomekwa koki ya shaba iliyopiga weusi, na mbele yake sakafu imebonyea mduara, mahali palipokaa mitungi na ndoo vizazi kwa vizazi.

Nilifungua koki. Nani angeiacha?

Kavu.

Nimerudi Muscat, hapa Oman, kazi zimeendelea kama kawaida, na wiki zote hizi kilichoning'ang'ania si zile ngazi wala ile baridi. Ni lile bamba.

Picha inayorudi kila joto likizidi

Mmeiona. Minara ya udongo ya kunasia upepo imesimama juu ya mapaa, na chini yake maneno ya kwamba wazee wa Uajemi walikuwa na kiyoyozi kisichotumia umeme. Inazunguka kila kundi, inapigiwa makofi, halafu mtu mmoja anauliza kwa nini sisi hatujengi hivyo.

Minara yenyewe ni ya kweli na inafanya kazi. Ule wa bustani ya Dowlatabad una urefu wa mita 33 na pande nane, na ukisimama chini yake unapigwa na ubaridi hata kama nje jani halitikisiki. Meybod na Ardakan, miji ya jirani, minara mingi ina mdomo mmoja tu, umeelekezwa kule unakotoka upepo mzuri, mgongo umepewa jangwa na vumbi lake. Mhandisi wa Kiirani, Mehdi Bahadori, aliandika mwaka 1978 jinsi mnara unavyofanya kazi hata pasipo na upepo: kuta zake zimekula jua mchana kutwa, usiku zinaipasha moto hewa iliyomo ndani, ile hewa inapanda na kutoka, na nyumba inavuta nyingine ya baridi kutoka uani.

Ila kwenye mahodhi ya maji watu huipa minara sifa isiyo yake yote. Hodhi la Shesh Badgiri, hapo hapo Yazd, lina minara sita imelizunguka kuba, na mgeni akiiona anadhani ndiyo friji. Kazi kubwa ilikuwa imeshafanywa miezi kabla. Hodhi lilijazwa majira ya baridi, maji yenyewe yakiwa ya kuumiza meno. Lilikuwa limezama ardhini, kuta nene, kuba juu, jua halina pa kupenyea. Minara ilipitisha hewa juu ya maji, ikaondoa unyevu na kuacha maji kidogo yafukizwe, namna ile ile mtungi wa udongo unavyotoka jasho kwenye kona ya jiko. Maji yaliyopata uvuguvugu yalibaki juu. Koki ipo chini.

Kwa hiyo walichokihifadhi kilikuwa maji pamoja na baridi yake. Waliufukia mwezi wa Januari ardhini, wakaja kuunywa Julai.

Na ili yasivuje, walisiliba ndani kwa saruji yao ya chokaa, udongo, mchanga, majivu, manyoya ya mbuzi na ute wa mayai. Mayai! Hodhi la mtaa linapojengwa, nadhani kuku wa wilaya nzima walijua.

Ukitaka ubishi zaidi, nenda Meybod ukaone nyumba ya barafu. Ukuta mrefu umesimamishwa kutoka mashariki kwenda magharibi, na upande wake wa kaskazini, kivulini, vidimbwi vya kina kifupi. Usiku wa baridi kali, anga limetakata, maji yanapoteza joto lake juu huko mpaka yanaganda. Alfajiri barafu inakatwa, inashushwa kwenye shimo chini ya kuba kubwa la udongo, inapangwa na nyasi kavu, inafungiwa hadi kiangazi.

Lakini narudi kwenye bamba.

Maji yanatoka mbali

Mvua ya Yazd kwa mwaka mzima haifiki milimita 100. Maji ya mji yalitoka chini ya miteremko ya mlima Shirkuh, unaopanda zaidi ya mita 4,000, na yalisafiri gizani kwa kanati. Wenzangu wa Oman hapa siwaelezi kitu, falaj mnazijua. Kwa wengine: ni handaki lililochimbwa kwa mteremko mdogo sana kutoka kwenye maji ya chini ya mlima hadi shambani au mjini, na juu yake msururu wa visima vya kuingizia hewa na kutolea udongo. Ukipita na ndege vinaonekana kama nyayo za mdudu mkubwa. Kanati ya Zarch ina zaidi ya kilomita 70 na inapita chini ya Msikiti wa Ijumaa wa Yazd, ambako kuna ngazi za kuifuata. Kule Gonabad, kisima cha kwanza cha kanati ya Qasabeh, kile cha kule mlimani, kinazidi mita 300 kwenda chini.

Mita 300, kwa sururu na kikapu.

Wachimbaji, wanaoitwa mukani, walivaa nguo nyeupe. Kwanza waonekane gizani; pili, ikiwa handaki litaporomoka, mtu ameshavaa sanda yake. Taa ya mafuta iliwaonyesha mstari ulionyooka, na ilipofifia iliwaonyesha kwamba hewa imekwisha. Penye udongo mlegevu walitia pete za udongo uliochomwa ili dari isishuke.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwa nini bamba linanisumbua. Kuchimba kulikuwa na mwisho, kusafisha hakukuwa nao. Dari inashuka mahali, tope linajaa, mvua ya ghafla inaingia kwenye kisima, na mtu lazima arudi chini. Hodhi nalo lazima likaushwe, likwanguliwe tope, litiwe chumvi na chokaa, lijazwe tena. Mwaka ujao hivyo hivyo. Mwaka baada ya huo hivyo hivyo.

Halafu kuna jambo la nani alikunywa wapi. Nyumba za matajiri zilipitiwa na kanati chini yake, zikawa na ngazi zao wenyewe za kushukia kwenye maji yanayotiririka. Hodhi la kichochoroni, lile la ngazi ndefu na koki, lilikuwa la wasio na kanati chini ya sebule.

Basi nani alilipa?

Rafiki anayesoma Kifarsi

Nilimtumia picha ya bamba. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka kwamba nimesoma kama msafiri anayesoma vibao vya barabarani. Bamba linasema nani alijenga, lini, na kwamba mwenye kunywa aikumbuke kiu ya Hussein, mjukuu wa Mtume aliyeuawa Karbala akiwa amenyimwa maji. Kisha akaongeza jambo ambalo yeye aliliona dogo: "Hilo jiwe ni tangazo tu. Mambo yenyewe yako kwenye hati."

Hati ya wakfu. Mtu hakujenga hodhi akaishia hapo. Aliweka na mali ya kulilisha: maduka, shamba, zamu za maji ya kanati fulani. Kodi ya mali ile ndiyo iliyomlipa wa kukwangua tope. Karne ya 15 Amir Chakhmaq, gavana wa Yazd, na mkewe Fatima waliacha msikiti, nyumba ya wasafiri, maji, na hati ya wakfu yake. Rashid al-Din, waziri na mwanahistoria, aliandikisha huko Tabriz mwaka 1309 hati ndefu ya wakfu wa mtaa wake, Rab'-e Rashidi, ikataja mali hadi Yazd. Hati hiyo sasa iko kwenye rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Fikiria kichwa cha mtu wa namna hiyo. Anajenga kitu cha thawabu, na kabla hajaweka tofali la mwisho ameshawaza tope.

Sisi nasi tuna mabamba. Kijijini kwetu Tanga viko visima vya pampu ya mkono, kila kimoja na saruji yake nzuri, jina la marehemu, jina la aliyetoa, tarehe ya kuzinduliwa. Kimoja mpini umening'inia tangu siku nyingi. Kingine watoto wanakikalia wakisubiri bodaboda. Kilichoharibika ni mpira mdogo wa ndani au mnyororo, kitu cha bei ya kawaida, lakini hakuna mfuko ambao unasema: mimi ndio wa mpira.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu nilijiona nimemaliza. Makala ingeandikika siku hiyo hiyo: wakfu ulikuwa mzuri, tuurudishe, wassalaam.

Kisha nikaanza kujipinga

Kwanza, Rashid al-Din mwenyewe. Mwaka 1318 aliuawa kwa amri ya mtawala, na ule mtaa aliouandikia hati ndefu vile ukaporwa. Hati haizuii panga.

Pili, hayo mahodhi hayakuwa pepo. Yazd ina Wazoroasta wa tangu na tangu, watu wa dini ya kale ya Uajemi, na kuna hodhi mjini humo lenye ngazi mbili: moja ya Waislamu, moja yao. Maji yale yale, milango mbalimbali. Unaweza kulisoma hilo kama ustahimilivu, unaweza kulisoma kama ubaguzi. Mimi nalisoma yote mawili kwa pamoja na silipendi.

Tatu, maradhi. Koki ya chini ya ngazi ilikuwa hekima kubwa, kwa sababu hakuna mkono wala mguu uliogusa maji yaliyohifadhiwa. Lakini kusini, upande wa Lar na pwani ya Ghuba, hodhi nyingi zilikuwa wazi kwa mchotaji. Watu walitia ndoo, walitia na miguu. Mnyoo wa Guinea ulikaa humo raha mustarehe: unatokea mguuni kwa mgonjwa, anaingia majini kutuliza moto wa kidonda, vijidudu vya majini vinabeba mbegu yake, jirani anavinywa. Iran iliumaliza katika miaka ya 1970 tu. Mtu aliyezungushiwa mnyoo kwenye kijiti siku baada ya siku ili autoe mguuni, usimwambie habari za hekima ya wahenga.

Nne, na hii ndiyo iliyonikaa zaidi. Kanati nyingi zilisafishwa kwa sababu zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa mabwana wa ardhi. Mkulima alilima, bwana alichukua fungu kubwa la mavuno, na kutoka kwenye fungu hilo akamlipa mukani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Shah Mohammad Reza Pahlavi alileta mageuzi ya ardhi. Mashamba yakagawanywa. Haki ilikuwa upande wa kugawa, mimi sina mashaka. Lakini ukigawa shamba vipande ishirini, kanati haigawanyiki, na wale ishirini hakuna mwenye fedha za kushusha watu mita mia chini ya ardhi. Hilo pengo halikuzibwa vizuri na yeyote.

Likazibwa na pampu.

Mwenye pampu hamhitaji jirani

Kwenye kanati maji yanagawanywa kwa zamu. Anakaa mtu na bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, analielelesha kwenye chombo kikubwa cha maji. Likijaa na kuzama, zamu fulani imekwisha, mlango wa mfereji unabadilishwa. Usiku, mchana, kiangazi, Ramadhani. Ugomvi ulikuwepo, na ulikuwa mwingi, lakini mlilazimika kugombana mkiwa pamoja, maana handaki ni moja na likiziba limewaziba wote.

Kisima kirefu chenye injini hakitaki mambo hayo. Unachimba kwako, unawasha, maji yanatoka. Ukitaka zaidi unachimba zaidi. Maji ya chini ya ardhi yanashuka, na kanati, ambayo haiwezi kuyafuata yanakokwenda, inabaki bomba tupu la udongo. Mwaka 1968 sheria ikayafanya maji kuwa mali ya taifa, ila pampu ziliendelea kuongezeka, na ardhi ya nyanda kadhaa za Iran leo inadidimia kwa sababu ya kufyonzwa.

Nani anaweza kumlaumu mkulima aliyenunua injini? Mimi siwezi. Ameamka siku moja hana bwana, hana mukani, ana watoto, na dukani kuna mashine.

Mjini maji ya bomba yalipofika, hodhi halikuwa na hoja tena, na nina hakika mama aliyekuwa akipanda ngazi zile na ndoo mbili hakutoa chozi. Hodhi moja la karibu na uwanja wa Amir Chakhmaq, linalosemwa limejengwa karibu mwaka 1580, sasa ni zurkhaneh, ukumbi wa mazoezi ya jadi: wanaume wanazungusha magogo mazito chini ya kuba, ngoma inapigwa, jasho linawatoka mahali palipokuwa na maji baridi. Nilipenda kuliko makumbusho yoyote.

UNESCO iliorodhesha kanati 11 za Iran mwaka 2016 na mji wa Yazd mwaka 2017. Watalii tunapanda mapaani jua likichwea, tunapiga picha za minara.

Na maji tunayooga hotelini? Sehemu yake inatoka mto Zayandeh, mkoa wa Isfahan, kwa bomba. Mto huo wenyewe unakauka mara kwa mara. Mwaka 2013 wakulima wa mashariki ya Isfahan, mashamba yao yamepauka, waliharibu mitambo ya bomba linalokwenda Yazd. Haikuwa mara ya mwisho. Mji uliojua kuhifadhi baridi ya Januari hadi Julai leo unasubiri mkoa mwingine usikasirike.

Kundi la familia

Nimeyaandika haya kwa sababu familia yetu inachanga fedha za kisima cha marehemu bibi. Sadaka inayoendelea. Michango inaingia vizuri, mchoro wa bamba umeshatumwa, na limezuka bishano zito kuhusu rangi ya herufi.

Usiku mmoja nikaandika: tusitumie fedha zote kuchimba. Tununue na fremu moja ya duka pale senta, ipangishwe, pango lake liwe la fundi na vipuri. Nikaeleza na mfano wa karibu, maana Oman bado kuna falaj ambazo zamu kadhaa za maji ni mali ya falaj yenyewe. Zinapigwa mnada, na fedha ile ndiyo inayozibua mfereji. Yazd sikuitaja. Ningeonekana najitapa na safari.

Ami alijibu kwanza. "Mwanangu, watu wanachangia maji. Ukiwaambia fremu, watafunga mifuko."

Ana haki yake. Nimejaribu kuwaza ningejisikiaje mimi mchangishaji nikitangaza kwamba thuluthi ya mchango inanunua kibanda cha kuuza vocha na maandazi. Picha ya maji yanayoruka kutoka ardhini inachangisha. Daftari la pango halichangishi mtu.

Binamu wa London akasema tutafute kamati ya kijiji. Kaka mwingine akauliza kamati ipi, ile iliyokuwepo wakati wa kisima cha kwanza? Kimya kidogo. Mtu akatuma sala. Mtu akatuma tena mchoro wa bamba, sasa herufi za kijani.

Nikafikiri shauri limekufa hapo, mpaka asubuhi shangazi, ambaye anaishi kule kule kijijini na huwa hasemi kitu kundini isipokuwa misiba, akaandika sentensi moja. Nimeisoma mara nyingi na bado sina jibu la kumpa:

"Fremu nzuri, ila huyo atakayeshika daftari la pango, yeye naye mtamlipa kutoka wapi?"